Tulifuata maji yetu mpaka Mwadingusha

Tangu tuliporudi, wengi mmetuuliza kanisani na sokoni: "Safari ya maporomoko ilikuwaje?" Tuliahidi kuandika, na leo tunatimiza. Tutaeleza yote, yaliyotufurahisha na yaliyotusumbua, kusudi watakaokwenda katika kikundi cha pili wajue wanachokiendea.

Mambo yalianza katika mkutano wa mwezi wa nne. Nkambo mmoja wa chama chetu, yule ambaye hufungua mikutano kwa sala, alitueleza kwamba alizaliwa Mwadingusha, katika kambi ya wafanyakazi, kwa sababu baba yake alikuwa mtu wa mashine kule. Aliondoka akiwa msichana wa kuolewa, akaja kukaa hapa Kikula, na hakurudi tena. Alisema: "Wajukuu wangu nimewaeleza yale maji mpaka wamechoka kunisikia. Nataka wayaone kwa macho yao. Na mimi niyasikie mara moja tena, kabla magoti hayajakataa kabisa."

Si wote waliokubali. Mama mmoja alisimama akasema: "Maporomoko hayaliwi. Shule inafungua mwezi wa tisa, watoto wanadaiwa daftari na viatu, na sisi tunakwenda kutazama maji?" Hatukumcheka, maana alisema yaliyokuwa ndani ya mioyo ya wengi. Mama Prezida alijibu kwamba feza za likelemba hazitaguswa hata kidogo. Anayetaka kwenda ataweka yake pembeni, kila juma franka kidogo, kwa mama wa sanduku. Asiyeweza, asione haya. Basi tukaweka kwa miezi mitatu. Mwezi wa saba tulikuwa wamama kumi na tisa na watoto kumi na mmoja, na yule mama aliyepinga alikuwa wa kwanza kwenye orodha.

Kwa watoto ambao hawajafundishwa: Mwadingusha iko kaskazini-mashariki ya mji wetu wa Likasi, zaidi ya kilomita 60, juu ya mto Lufira. Hapo mto ulikuwa unafika ukingoni mwa mwamba na kuanguka zaidi ya mita 100. Wazungu waliyaita maporomoko hayo Cornet, kwa jina la Jules Cornet, Mbelgiji mwenye elimu ya mawe, aliyepita Katanga na msafara wa Bia na Francqui kati ya 1891 na 1893. Bia alifia njiani mwaka 1892, na Francqui akaongoza waliobaki. Baadaye, kiwanda cha umeme kilipojengwa kwenye maporomoko na kuanza kazi mwaka 1930, kikapewa jina la Francqui. Kingine, chini kidogo kwenye mto huohuo, kikapewa jina la Bia. Leo tunaviita kwa majina ya kwetu, Mwadingusha na Koni, kama vile Jadotville ilivyorudi kuitwa Likasi.

Na lile ziwa la Tshangalele, ambalo makobo yake tunayajua wote, halikuwepo zamani. Lilizaliwa wakati ukuta ulipojengwa kuuzuia mto. Bonde likajaa maji, likawa ziwa pana lisilo na kina kirefu, lenye matete, mafunjo na ndege wengi. Kwa hiyo tuliposema tunakwenda ziwani na tunakwenda kwenye maporomoko, tulikuwa tunasema jambo moja.

Siku ya posho tuliamka saa tisa ya usiku. Mnajua baridi ya mwezi wa saba: kila mama na vitenge viwili, watoto na kofia za sufu. Tulikuwa tumepika tangu jana: bukari iliyofungwa vizuri, sombe, mayai ya kuchemsha, viazi vitamu, na bidoni nne za maji tuliyochemsha wenyewe. Tukikutana mbele ya lupango la Mama Prezida kungojea gari, yeye alitoka na beseni la maji ya sahani akalimwaga kwenye mfereji. Kijana mmoja wa miaka minane, mjukuu wa Nkambo, alitazama yale maji yakishuka gizani akauliza: "Haya yanakwenda wapi?" Mama Prezida akajibu: "Yanakwenda kwa njia yake. Ingia ndani ya gari." Tunaandika jambo hili dogo hapa kwa sababu mtaliona tena.

Gari lilikuwa basi ndogo mbili za kukodi. Lami ilituchukua sehemu ya kwanza, kisha tukaingia barabara ya vumbi katikati ya msitu. Mwezi ule majani yamekauka, na huku na huku moto wa porini ulikuwa umepita na kuacha ardhi nyeusi. Tuliona baiskeli nyingi zikielekea mjini na mifuko ya makala, mitatu kwenye baiskeli moja, mwanaume anasukuma badala ya kupanda. Tulinyamaza kidogo, kwa sababu makala yale ni ya majiko yetu. Mashimo ya barabara yalitupiga sana. Tuliimba ili watoto wasitapike, na wawili walitapika vilevile.

Jua lilikuwa limepanda tulipoona ziwa. Mbele ya miti palifunguka uwazi mweupe, hatukujua kama ni ukungu au ni maji. Wamama waliokuwa hawajawahi kuliona walisimama ndani ya gari. Tuliteremka mbali kidogo na ukuta, kwa makusudi, kwa kuwa Nkambo alitaka tutembee kwa miguu kando ya maji kama walivyofanya utotoni. Tulikuwa tumeomba ruhusa mapema, na kijana anayefanya kazi pale alikuja kutuongoza. Tulimwita Papa ingawa umri wake ni wa watoto wetu, kwa kuwa siku ile sisi ndio tulikuwa wageni.

Njia ni ya wavuvi. Ni nyembamba, mtu mmoja nyuma ya mwenzake, upande mmoja matete, upande mwingine vichaka na miti. Mahali pengine udongo ni laini na viatu vinazama. Mahali pengine ni mawe. Si njia ngumu kwa mwenye nguvu, lakini mama mwenye kubeba mtoto mgongoni anataka fimbo. Nkambo alikuwa na fimbo yake na wajukuu wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Tulipomwambia apumzike alijibu: "Msinitafutie kipoyi, mimi si mzungu wa zamani." Tulicheka, lakini tulipunguza mwendo. Njia ambayo Papa alisema ni ya saa moja, sisi tuliitembea saa mbili na nusu.

Katikati ya njia tulifika mahali pa wavuvi. Mitumbwi ilikuwa imevutwa nchi kavu, nyavu zimeanikwa, na wamama watano walikuwa wanapasua samaki na kuwatia chumvi. Tulisalimiana, tukakaa nao kivulini. Watoto wetu walivua viatu wakikimbilia maji. Mama mmoja wa pale aliacha kisu chake, akawafuata, akawarudisha kwa sauti kubwa kana kwamba ni wake. Alituambia kwamba kwenye matete kuna kichocho, na mamba hawajaisha, kwa hiyo mtoto mgeni haogi pale. Kisha akauliza mnatoka wapi. Tuliposema Kikula, Likasi, alicheka bila furaha, akasema: "Basi ninyi ndio mnatutumia maji."

Hatukumwelewa mara moja. Alieleza, akiendelea kupasua samaki wake. Maji ya Likasi, alisema, hushuka mpaka mto Panda. Panda unaingia katika Lufira, na Lufira ndio ziwa. Kila kinachooshwa mjini, kila kinachotoka kwenye kazi za madini, kila sashi inayotupwa mferejini, mwisho wake ni hapa. Wavuvi wa zamani wanasema upande ule mto unaoingilia samaki wamepungua. "Sisi tunakula tunachokamata," alisema. "Na mnachobakiza, mnakuja kununua ninyi wenyewe sokoni Kikula." Tulinunua makobo kwake, tukaagana vizuri. Lakini njia iliyobaki tulitembea bila kuimba sana.

Tulipofika kwenye ukuta, Nkambo alisimama. Alikuwa anatega sikio. Kwa miaka yote alitueleza kwamba maporomoko yale unayasikia kabla ya kuyaona, na kwamba usiku sufuria zilikuwa zinatetemeka kwenye kabati ya mama yake. Sisi tulisikia ndege, na upepo, na mbali kidogo mngurumo kama wa kinu cha kusaga unga.

Papa alituongoza mahali ambapo mtu anaweza kutazama chini bila hatari. Tuliona mwamba mkubwa, mrefu, umekatika kama ukuta wa nyumba isiyo na mwisho. Ulikuwa mweusi na wenye majani mabichi katika nyufa. Juu yake maji yalikuwa yanateremka kwa nyuzi nyembamba, hapa moja, pale moja, na nyingine zilikuwa zinapotea hewani kabla ya kufika chini. Palikuwa pazuri. Lakini halikuwa lile tuliloelezwa.

Mjukuu wa Nkambo, yule wa swali la asubuhi, alitazama, akatazama tena, akasema kwa sauti ambayo wote tuliisikia: "Nkambo, ulitudanganya."

Wamama, hatujui kama mmewahi kuona mzee akiona haya mbele ya watoto. Nkambo hakusema neno. Alikaa juu ya jiwe, akafunga macho. Mama wa mtoto alitaka kumpiga, na tukamzuia. Kila mmoja wetu alikuwa anafikiri juu ya feza za miezi mitatu na barabara yote ile. Yule mama aliyepinga tangu mwanzo ndiye aliyekwenda kukaa karibu na Nkambo, akamfunika miguu kwa kitenge chake. Hakusema "niliwaambia". Tulimheshimu kwa hilo, na tunaandika ili wote wajue.

Papa alielewa. Alimwita mtoto na wenzake, akawaonyesha mabomba makubwa yanayoteremka kwenye mlima, makubwa kiasi kwamba mtu angeweza kusimama ndani. Akawaeleza hivi: mto haukufa. Wakati wa kiangazi maji yote hukamatwa juu, hupitishwa ndani ya mabomba, yanaanguka urefu uleule yaliokuwa yanaanguka zamani, lakini yanaanguka gizani. Chini yanapiga mashine, mashine inazunguka, umeme unatoka. Wakati wa mvua, ziwa likijaa kupita kiasi, vilango hufunguliwa, na hapo mwamba wote hufunikwa na maji na sauti husikika mbali. "Nkambo wenu aliyaona wakati wa mvua," alisema. "Ninyi mmekuja wakati wa kiangazi. Wote wawili mmeona kweli."

Nkambo akafungua macho. Akasema: "Ndiyo. Kiangazi mama alikuwa anatupeleka kijijini kwa wazazi wake. Sikumbuki hata mara moja kuwa hapa mwezi wa saba." Umri wake ni zaidi ya miaka themanini, na siku ile ndipo alipojua kwamba aliyafahamu maporomoko yale nusu tu.

Kisha Papa aliwaambia watoto waweke viganja chini, juu ya saruji, na wanyamaze. Waliweka. Na sisi wakubwa, tukiona nyuso zao zinabadilika, tuliinama mmoja mmoja tukaweka pia. Ardhi ilikuwa inatetemeka. Kidogo tu, kama mgongo wa paka anayelala, lakini bila kuacha. Nkambo hakuweza kuinama. Mjukuu wake alichukua fimbo yake, akaisimamisha wima juu ya saruji, akaweka mkono wa Nkambo juu ya fimbo. Alikaa hivyo muda mrefu. Alisema baba yake alikuwa anarudi nyumbani na kelele hiyo masikioni, mpaka walipaswa kusema naye kwa nguvu wakati wa chakula.

Tuliteremka chini taratibu, wenye nguvu tu, kwa kuwa mteremko ni mkali. Nkambo na wamama wengine wanne walibaki juu na chakula. Chini tuliona maji yakitoka upande wa pili wa mashine, meupe, yenye haraka, yakirudi mtoni kana kwamba hakuna aliyeyashika. Kutoka pale yanakwenda Koni yafanye kazi mara ya pili, kisha yanaendelea na safari yake mpaka mto Lualaba, ambao ndio mto Kongo wenyewe. Papa alitueleza kwamba mashine ni sita, kwamba zilizeeka sana, zikatengenezwa upya, na kazi hiyo ikaisha mwaka 2021. Sasa zinaweza kutoa kama megawati 78. Gharama zilisaidiwa na mgodi wa Kamoa-Kakula wa upande wa Kolwezi, ambao nao ukapewa sehemu ya umeme. Mama mmoja akauliza: "Na sisi wa Kikula?" Wote wakacheka, hata Papa. Alijibu kwamba yeye anazungusha mashine; umeme ukishapanda kwenye waya mkubwa, yeye haujui tena unakwenda kwa nani.

Lakini jambo lililotukaa moyoni ni jingine. Papa alisema kwamba mwaka 1930 umeme huu ulitafutwa hasa kwa kazi ya kusafisha shaba kule Shituru. Shituru, yaani pale nyumbani, mtaa wa jirani! Waya ulitoka hapa ukafika kwetu, shaba ikasafishwa, mji ukakua, baba zetu wakapata kazi. Na maji ya mji uliokua hivyo yakashuka Panda, yakaingia Lufira, yakafika tena hapa. Mjukuu wa Nkambo, ambaye sasa alikuwa ameshika mkono wa Papa kama rafiki wa siku nyingi, aliuliza: "Basi yale maji ya sahani ya asubuhi yatapita hapa?" Papa akacheka, akasema: "Yakichelewa yatapita. Lakini yatapita." Wote tukamtazama Mama Prezida. Naye alitazama chini, akasema: "Nilimwambia yanakwenda kwa njia yake. Sikujua njia yenyewe."

Tulikula juu, karibu na Nkambo, tukitazama ziwa. Tuliongea juu ya maneno ya yule mama wa samaki. Dada mmoja kati yetu anafanya kazi ya uuguzi, na alituambia kwamba si maneno ya wavuvi tu. Mwaka 2009 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha uchunguzi wao juu ya watu wa kusini mwa Katanga wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya madini. Walipima mikojo yao, wakakuta kobalti na metali nyingine nyingi kupita kiasi, na watoto walikuwa nazo kuliko wakubwa. Mtoto anacheza chini, anatia mikono mdomoni, na mwili wake ni mdogo. Mama mmoja aliuliza kama kuchemsha maji kunasaidia. Dada alijibu kwamba kuchemsha kunaua wadudu wa kuhara, na tusiache kuchemsha, lakini metali haifi kwa moto. Dawa yake ni kutoiingiza majini, na kuwaweka watoto mbali nayo.

Hapo tulinyamaza tena, kwa sababu kati yetu wako wanaoosha madini mtoni ili kupata chakula cha siku, na wako wanaowapeleka watoto kusaidia. Hatuandiki haya kumhukumu yeyote. Mama aliye na sufuria tupu hachagui mto. Lakini tuliona wote kwamba kuna tofauti kati ya mama mzima anayekwenda mwenyewe na mtoto wa miaka saba anayekaa siku nzima na miguu ndani ya maji yale. Juu ya hilo tuliongea mpaka jua lilipoanza kulala, na tutaendelea katika mkutano.

Wakati wa kurudi hatukufuata njia ya wavuvi, kwa sababu ya magoti ya Nkambo. Basi zilikuja kutuchukua karibu na ukuta. Kabla ya kupanda, Nkambo alitaka kuomba. Aliomba kwa ajili ya baba yake, kwa ajili ya wafanyakazi wa pale, kwa ajili ya yule mama wa samaki, na mwisho akamshukuru Mungu kwa sababu alimfanya aone kiangazi cha Mwadingusha. Katika gari, yule mtoto alilala kichwa juu ya mapaja yake, fimbo ikiwa mkononi mwake. Tulifika Kikula usiku, tukiwa na vumbi hadi kwenye kope. Barabara ilikuwa giza. Tukaachana kila mtu kwenye lupango lake, tukisikia mfereji unapita mbele ya nyumba.

Sasa, tuliyokubaliana. Katika mkutano uliofuata tuliyasoma mbele ya wote, na tunayaandika hapa ili hata waliokosa wayajue.

La kwanza, salongo ya siku ya posho haitakuwa ya kufagia barabara tu. Kila mtaa utasafisha mfereji wake, na uchafu utachimbiwa shimo, hautasukumwa chini kwa jirani. Masashi, mawe ya redio yaliyokwisha na mafuta machafu ya magari visimwagwe mferejini.

La pili, samaki. Hatujasema watu waache makobo. Tunayapenda na yanalisha nyumba nyingi. Lakini metali hizi hukaa zaidi ndani ya maini na matumbo ya samaki kuliko ndani ya nyama. Toa matumbo yote, osha vizuri, na usiwapikie watoto wadogo maini ya samaki.

La tatu, watoto chini ya miaka kumi na minne wasiende kuosha madini. Kwa nyumba ambazo feza hiyo ndiyo inanunua unga, mama wa sanduku ameombwa kufungua likelemba ndogo ya msaada, na wamama saba tayari wameweka. Hili ni gumu kuliko mengine, tunalijua. Ndiyo maana tumelianza pamoja.

La nne, tutamwandikia barua yule mama wa samaki na wenzake, kupitia dereva wa basi, kuwaambia kwamba tumesikia.

Na kwa wale watakaokwenda katika kikundi cha pili: ombeni ruhusa mapema, maana mahali pa kutengeneza umeme hapaingiliwi ovyo. Bebeni maji ya kunywa ya kutosha, msitegemee ziwa. Watoto wasiingie majini. Vaeni viatu vilivyofungwa, si ndara. Kila mzee awe na watu wawili wa kumsindikiza. Mkitaka kuona nyuzi nyembamba na ndege wengi na njia kavu, nendeni wakati wa kiangazi kama sisi. Mkitaka kuona mwamba wote umefunikwa na maji, ngojeni mvua iwe nyingi, lakini hapo barabara itawachelewesha na njia ya wavuvi itakuwa tope. Anayetaka maji yaangukayo mbali zaidi, kuna Lofoi, ndani ya mbuga ya Kundelungu, ambayo yanaanguka zaidi ya mita 300 kwa mara moja. Hiyo ni safari ya siku kadhaa na ya feza nyingi, tuiache kwa sasa.

Nkambo amesema atakwenda tena mwezi wa pili, mvua ikiwa nyingi. Wanaotaka kuweka feza waanze juma hili kwa mama wa sanduku. Mjukuu wake amekwisha kuweka franka mia tano. Alituambia anataka kuona kama maji ya sahani ya Mama Prezida yamefika.

Mkae na amani, wamama. Tutaonana kwenye salongo, kila mtu na jembe lake.